Infraredi au Raman: Ipi Ikusomee Mitetemo ya Molekuli?

Mtu akitaka kujua unga, kimiminika au plastiki aliyonayo imeundwa na molekuli gani, na hataki kuiharibu, mwanga ndio msaada wa kwanza. Njia kuu ni mbili: spektroskopia (usomaji wa kitu kwa mwanga) ya infraredi na spektroskopia ya Raman. Zote zinasoma jambo moja, yaani mitetemo ya atomi ndani ya molekuli, na zote zinakupa mchoro wenye vilele uliopangwa kwenye kipimo kilekile cha cm⁻¹. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ni kitu kimoja chenye majina mawili, wakabaki kulinganisha bei na ukubwa wa mashine.

Tofauti yao iko ndani zaidi. Kuna mitetemo ambayo infraredi inaiona waziwazi na Raman haioni kabisa, na ipo ambayo ni kinyume chake. Hakuna mashine ya gharama kubwa itakayobadilisha hilo, maana chanzo chake ni maumbile ya molekuli yenyewe. Ndiyo maana napenda mtu aanze na sampuli yake kabla ya kuangalia mashine. Je, ina maji? Ikimulikwa, inang'aa yenyewe? Ni nyeusi? Imefungwa nyuma ya kioo? Na kile kifungo, yaani muungano wa atomi na atomi, unachokitafuta ni cha aina gani?

Kinachopimwa hasa

Atomi ndani ya molekuli hazitulii, hata kwenye baridi kali kuliko zote. Zinasogeleana na kuachana, zinajipinda, zinajizungusha. Mtetemo wa kaboni na haidrojeni wenye 3,000 cm⁻¹ hukamilika kwa takriban femtosekunde 11, na femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa vipande milioni bilioni. Kipimo cha cm⁻¹ kinataja idadi ya mawimbi ya mwanga yanayoenea ndani ya sentimita moja: namba ikiwa kubwa, mtetemo una kasi zaidi na nishati zaidi.

Kasi hiyo inaamuliwa na mambo mawili tu, ugumu wa kifungo na uzito wa atomi. Kifungo cha kaboni na oksijeni kikiwa cha moja, yaani atomi zimeshikana kwa muungano mmoja tu, hutokea kati ya 1,000 na 1,300 cm⁻¹. Kikiwa cha mbili hupanda hadi karibu 1,700. Kifungo cha tatu cha kaboni na naitrojeni huonekana karibu 2,200. Sasa chukua kifungo cha kaboni na haidrojeni, chenye 2,900 hivi, uondoe haidrojeni ya kawaida na kuweka deteriamu ambayo ni nzito mara mbili. Kifungo hakijabadilika ugumu, lakini kilele kinashuka hadi karibu 2,150. Watafiti hutumia hila hiyo kufuatilia aina moja ya molekuli ndani ya seli, kwa sababu eneo hilo la mchoro huwa karibu tupu.

Idadi ya mitetemo nayo inajulikana mapema. Molekuli yenye atomi N ina namna 3N−6 za kutetemeka, au 3N−5 ikiwa imenyooka kama mstari. Maji yana tatu: 1,595, 3,657 na 3,756 cm⁻¹ yakiwa mvuke. Benzini yenye atomi 12 ina 30. Si zote zitakazojitokeza kwenye mashine yako, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Kufyonza na kutawanya

Infraredi inafanya kazi kwa kufyonzwa. Mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya mikromita 2.5 na 25, yaani 4,000 hadi 400 cm⁻¹, unapita kwenye sampuli. Pale ambapo kasi ya kutetemeka kwa wimbi la mwanga inalingana na kasi ya mtetemo, molekuli huuchukua, na kitambuzi upande wa pili huona upungufu. Sharti ni moja: mtetemo huo lazima ubadilishe mgawanyo wa chaji ndani ya molekuli, upande mmoja uzidi kuwa chanya na mwingine uzidi kuwa hasi. Mtetemo usiohamisha chaji hauna pa kuushikia mwanga.

Mwanga wenyewe William Herschel aliugundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje ya ukingo mwekundu wa upinde wa rangi akaona joto likipanda mahali ambapo jicho halioni kitu.

Raman ni habari nyingine. Hapa unatumia leza ya rangi moja, mara nyingi inayoonekana kwa macho, ambayo nishati yake ni kubwa mno kulinganisha na mtetemo wowote. Karibu mwanga wote unaotawanywa hutoka na rangi ileile ulioingia nayo. Lakini fotoni (chembe za mwanga) chache sana, moja hivi kati ya milioni kumi, hutoka zikiwa zimeacha sehemu ya nishati yake ndani ya molekuli, na upungufu huo ni sawasawa na nishati ya mtetemo. Adolf Smekal alitabiri jambo hili mwaka 1923. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliliona kwenye vimiminika huko Kolkata Februari 1928, na mwaka huohuo Landsberg na Mandelstam waliliona kwenye fuwele huko Moscow. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Sharti la njia yake ni tofauti: mtetemo lazima ubadilishe wepesi wa wingu la elektroni kuvutwa na mwanga. Molekuli ikitanuka, wingu hulegea. Ikibana, wingu hukaza. Hicho ndicho Raman inachosoma.

Kaboni dayoksaidi inaonyesha masharti haya mawili vizuri kuliko molekuli nyingine ninayoijua. Atomi zake tatu zimekaa kwenye mstari, kaboni katikati. Oksijeni mbili zikienda nje kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, chaji inabaki imesawazika, kwa hiyo infraredi haioni kitu. Lakini wingu la elektroni linatanuka na kusinyaa, na Raman inapata vilele viwili karibu 1,285 na 1,388 cm⁻¹. (Ni viwili badala ya kimoja kwa sababu mtetemo huo unagongana kinishati na mtetemo mwingine, wakagawana.) Oksijeni moja ikisogea ndani huku nyingine ikienda nje, chaji inayumba vikali na infraredi inaonyesha kilele kikubwa cha 2,349. Molekuli ikijipinda, infraredi inaonyesha 667. Raman haivioni viwili hivi. Hii ndiyo kanuni ya kutengana: molekuli yenye kitovu cha ulinganifu (kila atomi ina mwenzake wa aina ileile upande wa pili wa kitovu) haina mtetemo unaoonekana kwa njia zote mbili.

Naitrojeni na oksijeni ya hewani, zenye atomi mbili zilizo sawa, hazionekani kamwe kwenye infraredi. Zinafanya takriban asilimia 99 ya hewa kavu, na ndiyo sababu zenyewe hazizuii joto la dunia kutoka, wakati kaboni dayoksaidi iliyo kidogo sana inalizuia. Kwenye Raman zinajitokeza bila shida, naitrojeni kwenye 2,331 na oksijeni kwenye 1,556. Mtu anayetaka kupima haidrojeni, naitrojeni au oksijeni kwa mitetemo yake asipoteze muda na infraredi.

Molekuli nyingi hazina kitovu cha ulinganifu, hivyo mitetemo yake huonekana pande zote mbili, ila urefu wa vilele hupinduka. Vifungo vyenye chaji isiyosawa kama kaboni na oksijeni, oksijeni na haidrojeni, naitrojeni na haidrojeni, kaboni na florini, hutawala mchoro wa infraredi. Vifungo vya atomi zinazofanana kama kaboni kwa kaboni cha mbili, salfa kwa salfa, pete za benzini na kaboni tupu ya kila umbo, hutawala mchoro wa Raman. Ukijua kifungo unachokitaka, nusu ya uamuzi umekwisha.

Maji yanaamua mengi

Kwa sampuli zenye maji, nusu nyingine nayo mara nyingi huisha hapo hapo. Maji hufyonza infraredi kwa nguvu kubwa. Kilele chake cha karibu 1,640 cm⁻¹ kinakaa juu kabisa ya kilele muhimu cha protini, kile cha 1,650 kinachoeleza protini imejikunja vipi. Anayepima protini ndani ya maji kwa kupitisha mwanga hulazimika kubana tabaka la kimiminika liwe chini ya mikromita 10. Wengine hubadilisha maji ya kawaida na maji mazito, yenye deteriamu badala ya haidrojeni ya kawaida, ambayo kilele chake kinashuka hadi karibu 1,210 na kuacha nafasi. Inawezekana, ila ni kazi ya subira.

Raman haina tatizo hilo. Maji hutawanya mwanga wa aina hii kwa udhaifu, hivyo mchoro wa kilichoyeyuka ndani yake unasomeka. Seli hai, myeyusho, mmenyuko unaoendelea ndani ya chombo chenye maji: hapo mimi huenda Raman bila kusita.

Kioo nacho kinaelekea upande huohuo. Kioo cha kawaida huzuia infraredi chini ya takriban 2,000 cm⁻¹, yaani kinaficha sehemu yenye habari nyingi zaidi. Leza ya Raman hupita kwenye kioo na kurudi. Chupa mbili zilizofungwa, moja ina ethanoli na nyingine methanoli, kwa macho ni kimiminika kilekile kisicho na rangi. Elekeza leza katikati ya kimiminika, si kwenye ukuta wa chupa, na ndani ya sekunde chache ethanoli inaonyesha kilele kirefu karibu 880 cm⁻¹ na methanoli karibu 1,035. Kizibo hakijaguswa. Kwa sumu inayofanana hivyo na kinywaji, uwezo huu ni mkubwa sana, na ni mojawapo ya sababu mashine za mkononi za Raman zimeenea kwenye ukaguzi wa kemikali.

Adui mkubwa wa Raman

Kama hadithi ingeishia hapo, kila mtu angenunua Raman. Haiishii hapo kwa sababu ya fluoresensi. Molekuli nyingi zikipigwa na leza hufyonza mwanga wenyewe kisha kuutoa tena ukiwa na rangi nyingine, na mng'ao huo unaweza kuwa na nguvu mara maelfu au mamilioni kuliko ishara ya Raman. Kuutafuta mtetemo chini yake ni sawa na kutega sikio kwa mnong'ono pembeni ya ngoma inayopigwa. Kwenye skrini unaona mlima mmoja mpana unaopanda na kushuka, bila kilele hata kimoja juu yake. Rangi za vitambaa, mafuta ya mimea, tishu, udongo wenye mboji, plastiki za zamani: hizi ni za kuangalia kwa makini. Wala si lazima sampuli yote iwe na tabia hiyo; uchafu kidogo tu unatosha.

Dawa ya kwanza ni kubadilisha leza. Leza ya kijani ya nanomita 532 inatoa ishara kali, maana nguvu ya mtawanyiko inapungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Ila ndiyo inayoamsha fluoresensi zaidi. Leza ya nanomita 785 huamsha kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, na ishara yake ni karibu moja ya tano ya ile ya kijani. Leza ya 1,064 huamsha kidogo kabisa, lakini ishara inabaki moja ya kumi na sita.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Vitambuzi vya silikoni huishiwa nguvu karibu na nanomita 1,100. Ukitumia leza ya 785, mtetemo wa 3,000 cm⁻¹ unarudi ukiwa na nanomita 1,027, mahali ambapo kitambuzi tayari kimechoka. Kwa hiyo mashine nyingi za 785 zinakata mchoro kabla ya kufika kwenye vifungo vya kaboni na haidrojeni, au zinavionyesha kwa unyonge. Anayehitaji eneo hilo aulize kabla ya kulipa. Na kwa leza ya 1,064 silikoni haifai kabisa. Kinahitajika kitambuzi cha aina nyingine, ambacho huwa na kelele zaidi.

Unaweza pia kwenda upande wa pili, kwenye urujuanimno. Chini ya takriban nanomita 250 mng'ao wa sampuli hutokea mbali na eneo la Raman, hivyo haviingiliani. Kifaa cha SHERLOC kwenye gari la Perseverance, lililotua Mars Februari 2021, kinatumia leza ya nanomita 248.6 kwa sababu hiyo. Na kwa anayebaki na leza aliyonayo, kuna njia ya subira: kuiacha leza imulike nukta ileile kwa dakika kadhaa hadi uchafu unaong'aa uchoke, ndipo upime.

Weusi ni adui wa pili. Sampuli nyeusi hufyonza leza na kupata joto. Punguza nguvu, tanua nukta ya leza, au zungusha sampuli. Alama ya kuangalia ni hii: yakitokea matuta mawili mapana karibu 1,350 na 1,580 cm⁻¹ mahali ambapo hukuyatarajia, umeshaunguza sampuli na unachopima ni mkaa wake. Na unga wowote unaodhaniwa kuwa kilipuzi, hasa wenye rangi nyeusi, usipigwe leza yenye nguvu.

Infraredi haisumbuliwi na fluoresensi hata kidogo. Nishati ya mwanga wake haifikii kuiamsha elektroni. Kwangu hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, kuliko hata unafuu wa bei: ukiweka sampuli usiyoijua, karibu kila mara utapata mchoro unaosomeka.

Mkononi zikoje

Miaka ya nyuma infraredi ilitaka mikono iliyozoea. Unga wa miligramu moja au mbili ulisagwa pamoja na miligramu 200 hivi za bromaidi ya potasiamu, ukabanwa kwa nguvu hadi kuwa kidonge chembamba kinachopitisha mwanga. Chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, na kila uzembe ulionekana kama tuta pana karibu 3,400.

Leo kazi nyingi inafanywa kwa fuwele ya almasi. Mwanga unaingia ndani ya fuwele na kugonga uso wake wa juu kwa pembe inayoufanya urudi ndani, lakini sehemu ndogo yake inachungulia nje kwa mikromita moja au mbili. Unapima kwanza fuwele tupu. Unaweka punje chache za unga katikati ya kijicho cha almasi, unateremsha kibanio hadi unga ugusane nayo barabara, na vilele vinakua mbele ya macho yako kadiri unavyokaza. Ukimaliza unafuta kwa kitambaa chenye alkoholi. Dakika moja inatosha.

Wepesi huo una mitego yake. Unachopima ni ngozi ya juu tu: plastiki yenye tabaka tatu itakuonyesha tabaka lililogusa almasi, hivyo ipindue na upime upande wa pili. Kina cha kuchungulia hupungua kadiri cm⁻¹ zinavyopanda, ndiyo maana vilele vya karibu 3,000 huonekana vifupi kuliko kwenye michoro ya zamani ya vidonge. Programu ina marekebisho yake, yatumie kabla ya kutafuta kwenye hifadhidata. Almasi nayo hufyonza kati ya 1,900 na 2,300, eneo hasa la vifungo vya tatu vya kaboni. Ukiinamia mashine na kupumua juu yake, kilele cha 2,349 kitatokea au kitageuka chini, nacho ni pumzi yako, si sampuli. Na kwa mpira mweusi wenye masizi mengi, almasi hupotosha mchoro. Fuwele ya gerimaniamu ndiyo inayofaa, kwa sababu mwanga hauchungulii mbali kama kwenye almasi.

Raman haihitaji kugusa kitu. Haihitaji kusaga wala kubana. Unachohitaji ni kulenga vizuri na kuhakiki kipimo. Kila asubuhi unaweka kipande cha silikoni chini ya lenzi na kuangalia kama kilele chake kiko 520.7 cm⁻¹, kisipokuwepo hapo, unarekebisha kabla ya jambo jingine. Mashine ya infraredi yenye intaferomita (kifaa kinachokutanisha mawimbi ya mwanga ili kuyapima) haina wasiwasi mkubwa wa aina hii, kwa sababu ndani yake kuna leza inayofuatilia mwendo wa kioo kinachoakisi na kujirekebisha yenyewe. Kwa mahali penye watumiaji wengi na msimamizi mmoja, tofauti hiyo ndogo huokoa vipimo vingi.

Suala la usalama liko wazi. Infraredi haina hatari ya kutajika kwa mtumiaji. Leza ya nanomita 785 jicho linaiona kwa shida sana, kwa hiyo kope haliwahi kufumba, na madhara yanaingia bila onyo. Miwani ya kukinga iwe ya urefu wa wimbi huohuo. Miwani ya leza ya kijani haisaidii hapa.

Vitu vidogo, kiasi, na gesi

Mwanga hauwezi kulengwa kwenye nukta ndogo sana kuliko wimbi lake. Mawimbi ya infraredi ni marefu, hivyo darubini yake hutenganisha vitu vya takriban mikromita 5 hadi 10. Raman kwa leza ya kijani hushuka chini ya mikromita moja. Wanaotafuta chembe za plastiki kwenye maji hugawana kazi kwa mpaka huo: chembe za makumi ya mikromita kwenda juu hupelekwa infraredi, ambayo hupiga picha ya eneo kubwa kwa haraka, na zile ndogo zaidi huachiwa Raman. Kwa grafini, yaani kaboni ya matabaka membamba kama atomi, hakuna mjadala. Kilele cha karibu 2,700 kikizidi kwa urefu kile cha 1,580, kikawa chembamba na kimoja, hilo ni tabaka moja. Infraredi haikuambii hivyo.

Raman pia hushuka kwa urahisi chini ya 100 cm⁻¹, ambapo fuwele nzima inatetemeka kwa pamoja. Huko ndiko dawa ileile yenye maumbo mawili ya fuwele hujitofautisha, na umbo linaweza kuamua dawa inayeyuka upesi au polepole mwilini. Mashine ya kawaida ya infraredi huishia 400.

Kwenye kupima kiasi mambo yanageuka. Ufyonzaji wa infraredi unakua sambamba na wingi wa kitu na urefu wa njia ya mwanga, na vipimo vyake hurudiwa bila kuyumba. Ishara ya Raman inategemea nguvu ya leza siku hiyo, ulengaji, hata ukubwa wa punje. Bila kitu cha kulinganishia kilichochanganywa ndani ya sampuli, namba zake usiziamini peke yake.

Gesi zenye chaji isiyosawa nazo ni za infraredi. Mwanga ukiakisiwa huku na huko ndani ya chumba cha gesi hadi usafiri mita 10, methani au monoksidi ya kaboni ya sehemu chache kwa milioni inaonekana. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowezesha darubini ya James Webb, mwaka 2022, kutambua kaboni dayoksaidi kwenye anga la sayari ya WASP-39b kwa ufyonzaji wa karibu mikromita 4.3, ambao ni ule mtetemo wa 2,349 tuliouona juu.

Watu watakuambia Raman inaweza kuongezewa nguvu mara mamilioni kwa kuweka molekuli juu ya fedha au dhahabu yenye mikwaruzo ya nanomita. Ni kweli, Fleischmann na wenzake walipata ishara hiyo kali mwaka 1974 kwa piridini juu ya fedha. Lakini ishara hubadilika kutoka nukta moja hadi nyingine, na molekuli isiyoshikamana na metali haifaidiki. Usinunue Raman kwa ahadi hiyo kama huna muda wa kuijenga.

Ipo pia infraredi ya karibu, kuanzia 4,000 hadi 12,500 cm⁻¹. Inapenya ndani zaidi, hupita kwenye kioo, na hupima unyevu au protini kwenye nafaka nzima bila kusaga. Vilele vyake ni vipana na vimepandana, hivyo inahitaji sampuli nyingi zilizokwisha kupimwa kwa njia nyingine ili kuifundisha. Ni nzuri kwa kitu kilekile kinachopimwa kila siku. Kwa kutambua kitu kigeni, haifai.

Mimi ningechagua hivi

Kwa maabara inayopokea sampuli za kila namna na ina uwezo wa mashine moja tu, ningechukua infraredi yenye fuwele ya almasi. Inajibu mara nyingi zaidi, inasamehe makosa zaidi, na hifadhidata za michoro yake ni kubwa. Ningegeuza uamuzi huo kama kazi kubwa iko ndani ya maji, nyuma ya kioo, kwenye chembe chini ya mikromita 10, kwenye kaboni ya aina yoyote, au kwenye maumbo ya fuwele. Hapo Raman, na leza ya kwanza iwe ya 785, isipokuwa kazi ni ya grafini au vifaa visivyong'aa, ambapo ya 532 ina faida.

Mwenye zote mbili aanze na infraredi, kisha apeleke punje zilezile kwenye Raman kwa nguvu ndogo, na aweke michoro miwili mmoja juu ya mwingine kwenye kipimo kimoja. Asikimbilie kutafuta vilele vinavyolingana. Atazame vile vilivyo virefu upande mmoja na havipo upande wa pili: kilele kikali cha Raman karibu 510 ambacho infraredi haina kinaweza kuwa kifungo cha salfa kwa salfa, na kile cha infraredi karibu 1,700 ambacho Raman inakionyesha kwa unyonge kina uwezekano mkubwa wa kuwa kaboni na oksijeni cha mbili.